Jezi Namba Moja

Mkoani Mara ukianzisha mazungumzo ya mchezo wowote wa nguvu, hutachelewa kuambiwa kwamba miili tunayo. Utaambiwa hivyo Tarime, utaambiwa Bunda, na ukifika Butiama utaambiwa na mzee ambaye mwenyewe amebaki mifupa na fimbo. Ushahidi hutolewa papo hapo: babu fulani aliyekuwa askari wa KAR enzi za mkoloni, wajomba walioko jeshini, vijana wa Mwigobero wanaoshusha magunia ya dagaa tangu alfajiri na jioni bado wanataka kucheza mpira. Kinachofuata ni lawama kwa serikali, kwamba haioni vipaji.

Nimesikia hoja hiyo tangu utotoni na sijawahi kuikubali. Mwili ni sehemu ya bei rahisi kuliko zote katika maisha ya mwanamichezo wa kulipwa. Nitaieleza kwa kazi ambayo, kwa macho, haihitaji kitu kingine zaidi ya mwili: kazi ya propu katika raga, yule mnene anayevaa jezi namba 1 au namba 3, anayeinamisha kichwa na kusukuma. Mtu wa namna hiyo aliyetoka Mara simjui. Niliye naye ni wa Harare, jina lake Tendai Mtawarira, na safari yake inapita Mwitongo kwa njia ambayo wengi wetu hatujaifikiria.

Kwanza kazi yenyewe. Raga ya wachezaji 15 ina skramu. Mpira ukidondoshwa mbele kwa bahati mbaya, mwamuzi husimamisha mchezo, na wachezaji wanane wa kila upande hushikana kwa safu tatu, wakainama, wakakutana kichwa kwa bega na wanane wa upande wa pili. Mstari wa mbele ni watu watatu: propu wa kushoto mwenye namba 1, huka katikati mwenye namba 2, propu wa kulia mwenye namba 3. Nyuma yao wako loki wawili wanaosukuma makalio ya hao wa mbele, kisha wengine watatu. Mwamuzi huamrisha kwa hatua: inameni, shikaneni, ingieni. Mpira huingizwa pembeni, ukapita chini ya miguu yao, na muda wote huo karibu kilo 900 za upande mmoja zinasukuma kilo 900 za upande wa pili. Nguvu inayopita katika mabega ya wale watatu wa mbele inaweza kuzidi tani moja.

Propu wa kushoto kichwa chake kiko nje. Bega moja tu, la kulia, ndilo lililobanwa na mpinzani. Propu wa kulia amebanwa pande zote mbili: kichwa chake kimeingia kati ya huka na propu wa upande mwingine, na mabega yote mawili yamebeba. Ndiyo maana makocha husema namba 3 ndiye nguzo ya skramu, na namba 1 ndiye anayejaribu kuing'oa nguzo ya wenzake. Humwingia chini ya kifua, mgongo umenyooka, akamkunja taratibu kwenda juu au ndani. Yule akishindwa kuhimili, ama anainuka wima, ama anaanguka chini, na mwamuzi anapuliza filimbi. Penalti hiyo ikipigwa na kupita katikati ya milingoti ya goli ni pointi tatu. Mtazamaji huona mpira unapaa. Mtu aliyezitengeneza hizo pointi yuko chini bado, anatoa majani mdomoni.

Nilimwonyesha binamu yangu wa Butiama skramu hiyo kwenye simu. Hajui raga, lakini amelima kwa maksai miaka yake yote, na alitazama kwa makini kuliko nilivyotegemea. Hakuuliza mpira uko wapi. Aliniomba nirudishe nyuma, akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu wa kulia wamemfunga nira na asiyemjua," alisema. "Angalia kiuno, kimeshakatika kabla hawajaanza kuvuta." Kwake ilikuwa jambo la wazi. Maksai wawili wenye nguvu sawa, wasiopata kufungwa pamoja, hulipindisha jembe hadi mkulima anajuta. Na dume jipya, hata likiwa kubwa vipi, huwekwa kando ya mzoefu msimu mzima kabla ya kuaminiwa. Mechi niliyokuwa namwonyesha ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia ya 2019, na yule wa kulia alikuwa Mwingereza Dan Cole. Nitaifikia.

Mtawarira alizaliwa Harare tarehe 1 Agosti 1985. Utotoni wenzake walimbandika jina la Mnyama, "Beast", kwa ukubwa wake na kwa ukorofi wa shuleni, na jina hilo lilimfuata hadi viwanja vya dunia nzima, ambako kila akigusa mpira maelfu ya watu walikuwa wakilivuta kwa sauti nzito mpaka mgeni akadhani wanamzomea. Mwili, basi, alikuwa nao tangu mwanzo. Lakini tazama ulikopitishwa. Alisoma Churchill, shule ya wavulana ya Harare, kisha Peterhouse, shule ya kulipia yenye viwanja vya majani, makocha na ratiba ya mechi kila wiki. Kutoka hapo alichukuliwa na chuo cha vijana cha klabu ya Sharks, Durban.

Alipofika Durban hakuwa propu. Alikuwa mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu, wale wanaokimbia na mpira na kuonekana kwenye picha. Kocha Dick Muir ndiye aliyemwambia kwamba akitaka kufika mbali asogee mstari wa mbele. Kwa kijana wa umri ule hiyo si habari njema. Ni kama kuambiwa uache kufunga magoli uende kushika nguzo, na tena ujifunze upya kila kitu: namna ya kupanga miguu, mahali pa kuweka mkono wa kushoto, namna ya kupumua ukiwa umekunjwa, shingo inavyoongoza mgongo. Mapropu wazoefu humla mgeni akiwa hai. Sheria za mchezo zenyewe zinaitambua hatari hiyo: asiyefundishwa kucheza mstari wa mbele haruhusiwi kupangwa pale, na timu ikikosa watu waliofunzwa, skramu huchezwa bila kusukumana, maana shingo inaweza kuvunjika. Nijuavyo, michezo inayomzuia mtu kisheria kusimama nafasi fulani kwa sababu tu hajaisomea ni michache sana.

Aliisomea. Aliichezea Sharks kuanzia 2006, na Juni 2008 akavaa jezi ya Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, dhidi ya Wales, Pretoria. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Juni 2009, ikaja mechi iliyomfanya ajulikane. British and Irish Lions, timu inayokusanya wachezaji bora wa Uingereza na Ireland kila miaka minne, walikuwa Durban. Mbele yake alisimama Phil Vickery, propu wa kulia aliyebeba Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 2003. Skramu baada ya skramu Mtawarira alimwingia chini, akamkunja, akamwinua, na mwamuzi akawa anaonyesha mkono upande uleule. Mapema kipindi cha pili Vickery alitolewa. Afrika Kusini ilishinda 26 kwa 21, na mchezaji bora wa mechi akawa propu, heshima ambayo mapropu huipata kwa nadra kama mvua ya Agosti.

Hapo ndipo ninapotaka kuigeuza hadithi irudi kwetu, kwa sababu kijana mweusi wa Harare kuvaa jezi ya Springboks lilikuwa jambo lisilowezekana kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, na miongoni mwa waliokaa kulifikiria jambo hilo kwa miaka mingi alikuwemo mwenyeji wa Mwitongo.

Mwitongo ni kilima cha mawe pale Butiama. Hapo ipo nyumba ya familia ya Mwalimu Nyerere, yapo makaburi ya wazazi wake, Chifu Nyerere Burito na Mama Mgaya, lipo kaburi lake mwenyewe alikozikwa Oktoba 1999, na makumbusho yako jirani. Wageni wanaotoka Musoma au Bunda huonyeshwa mambo ya uhuru, ya Azimio la Arusha, ya vita vya Kagera. Kuhusu raga sijasikia mtu akiuliza, na sitegemei. Hata hivyo Mwalimu alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, mji ambamo mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya raga ilichezwa mwaka 1871, na baadaye uamuzi mzito kuliko yote ya michezo uliofanyika chini ya uongozi wake ulisababishwa na raga.

Mwaka huo ni 1976. Tarehe 16 Juni polisi wa Afrika Kusini waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto. Kabla mwezi haujaisha, All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, walikuwa tayari ndani ya Afrika Kusini wakicheza. Nchi za Afrika zikadai New Zealand iondolewe kwenye Michezo ya Olimpiki iliyokuwa inafunguliwa Montreal mwezi Julai. Kamati ya Olimpiki ilijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Kwa andiko la sheria walikuwa sahihi, kwani raga ilikuwa imetoka kwenye Olimpiki tangu 1924. Tanzania ilijitoa. Zaidi ya nchi 20 zilijitoa, nyingi zikiwa za Afrika.

Bei ililipwa na watu ambao hawajawahi kuushika mpira wa raga. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2, Februari 1974, na aliiweka Christchurch, New Zealand, mbele ya John Walker wa nchi hiyohiyo. Dunia nzima ilisubiri wawili hao wakutane tena Montreal. Walker alikimbia bila Bayi, akachukua dhahabu. Wapo wanaokumbusha kwamba Bayi alikuwa ametoka kuugua malaria na huenda asingeshinda. Huenda. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa 1972 wa mita 400 za kuruka viunzi, naye alirudi nyumbani, na Mike Boit wa Kenya vilevile. Afrika Mashariki ilitoa sadaka kubwa kuliko wengi kwa ajili ya mchezo ambao wananchi wake walio wengi hawakujua hata umbo la mpira wake.

Na ndani ya All Blacks wale wa 1976, mstari wa mbele, alikuwemo propu Bill Bush, Mmaori. Miaka 16 nyuma, mwaka 1960, New Zealand ilikubali kuwaacha nyumbani Wamaori wote ili kuwaridhisha makaburu. Mwaka 1970 wakaruhusiwa kwenda kwa kupewa cheo cha ajabu cha kuwa Wazungu wa heshima. Hivyo mwaka ule Bayi alipozuiwa kukimbia, mtu mwenye ngozi ya kahawia alikuwa anasukuma skramu Afrika Kusini kwa kibali cha kujifanya si yeye. Sina haja ya kumlaumu Bush. Alikuwa mchezaji wa ridhaa, hakulipwa, na jezi ya nchi yake ilikuwa ndoto yake kama ilivyo kwa mwingine yeyote. Afrika Kusini ilishinda mechi tatu kati ya nne.

Mwaka uliofuata, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana Gleneagles, Scotland, kupinga mahusiano ya michezo na Afrika Kusini. Na mwaka 1980 Marekani ilipotaka Afrika nayo isusie Olimpiki ya Moscow, ilimtuma Muhammad Ali Dar es Salaam. Mwalimu hakukubali kumpokea. Ali aliulizwa na watu wa huku kwa nini Marekani haikujitoa 1976 Waafrika walipojitoa. Tanzania ilikwenda Moscow, na ikarudi na medali zake mbili za kwanza za Olimpiki, zote za fedha: Bayi katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5000.

Nyambui ni wa Majita, hapahapa Mara, upande wa ziwani. Nasimama kidogo kwake kwa sababu yeye ndiye jibu zuri kwa wale wa "miili tunayo". Mapafu yake alizaliwa nayo Majita, lakini mwanariadha aliyeshinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena 1988 alipikwa pia na Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, kilichompa kocha, njia ya kukimbilia, chakula na mashindano ya kila wiki. Majita ina vijana wengine wenye mapafu. Lakini Majita haina El Paso.

Turudi kwa propu wetu. Zimbabwe ilipata uhuru 1980, baada ya vita ambavyo wapiganaji wake walifunzwa sehemu mbalimbali, ikiwemo kambi ya Mgagao, Iringa. Mtawarira alizaliwa miaka mitano baadaye, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, Afrika Kusini iliyorudishwa katika michezo ilichukua Kombe la Dunia Johannesburg mbele ya Mandela, na miezi miwili baada ya hapo, Agosti 1995, wakuu wa raga walikutana Paris wakatangaza kwamba wachezaji waruhusiwe kulipwa. Kabla ya siku hiyo, katika raga hii ya wachezaji 15, upropu haukuwa kazi ya kulipwa rasmi. Kulikuwa na wakulima, polisi na wachimba makaa waliosukuma skramu Jumamosi. Mtawarira ni wa kizazi cha kwanza kilichokua kikijua kwamba shingo nene inaweza kulipa kodi ya nyumba.

Njia ya kutoka Harare kwenda Durban yenyewe ilikuwa ya zamani. Enzi za Rhodesia, timu ya walowezi ilicheza Currie Cup, mashindano ya majimbo ya Afrika Kusini, na baadhi yao walivaa jezi ya Springboks. Mlango ulikuwepo siku zote. Uhuru wa nchi hizi mbili ndio uliobadilisha rangi ya wanaoruhusiwa kupita. Ila mlango haukuwa umefunguka wote. Januari 2010, miezi michache baada ya kumkunja Vickery, Mtawarira alizuiwa. Waziri wa michezo wa Afrika Kusini alishikilia kwamba asiye raia hawezi kuiwakilisha nchi, ingawa sheria za raga duniani zilitosheka na miaka ya ukaazi. Shujaa wa Durban akawa mgeni mwenye pasipoti ya Zimbabwe anayesubiri makaratasi kama machinga aliyekamatwa mpakani.

Mwaka huohuo alipata uraia, akarudi uwanjani. Brian Mujati, propu mwingine mzaliwa wa Zimbabwe aliyeichezea Springboks 2008 upande wa kulia, hakupata mwisho wa namna hiyo. Alikwenda Uingereza, akacheza Northampton, na jezi ya kijani hakuivaa tena. Wawili wenye miili inayofanana, shule zinazofanana, nafasi mbili za mstari uleule. Aliyewatenganisha hakuwa mpinzani wa skramu.

Halafu kulikuwa na moyo. Mtawarira alipata tatizo la mapigo ya moyo kwenda mbio bila mpangilio, na mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji. Kwa kijana wa kijijini hali kama hiyo huishia kwenye neno "alianguka tu." Yeye alikuwa na daktari wa timu, vipimo, bima na klabu iliyomsubiri. Alirudi, akacheza miaka saba zaidi. Juni 2018 alifikisha mechi 100 za kimataifa, Mwafrika mweusi wa kwanza kufika hapo akiwa na Springboks.

Fainali ya 2 Novemba 2019 ilianza saa 12 jioni kwa saa za Yokohama, ambayo Musoma ni saa sita mchana ya Jumamosi. Katika mabanda mengi ya kuonyesha mpira mjini, saa hiyo watu walikuwa wanasubiri ligi ya Uingereza, na ukiomba chaneli ya raga unaonekana mtu wa kuharibu biashara. Dakika za mwanzo tu, propu wa kulia wa Uingereza, Kyle Sinckler, aligongana na mwenzake mwenyewe akazimia. Dan Cole akaingia baridi, mapema mno kuliko muda ambao angetegemea. Hapo ndipo binamu yangu alipoweka kidole. Cole hakuwa dhaifu wala mgeni wa kazi. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Alikuwa tu hajajiandaa kubeba mchana wote peke yake, na mbele yake alikuwepo mtu wa miaka 34 aliyejua kwamba ile ni mechi yake ya mwisho ya maana.

Skramu ya Uingereza ilirudi nyuma, ikapinda, ikaanguka. Handré Pollard wa Afrika Kusini akawa anapiga penalti. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Mtawarira alitoka akaingia Steven Kitshoff, mwenye nguvu mpya, na Cole akabaki palepale. Huo ulikuwa mpango wa kocha Rassie Erasmus: mistari miwili kamili ya mbele, wa pili ukiingia wakati wapinzani wameshachoka. Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe walifunga mwishoni, ikawa 32 kwa 12, na picha zilizosambaa ni za hao wawili na za nahodha Siya Kolisi akiinua kombe. Mtawarira alistaafu timu ya taifa akiwa na mechi 117. Wakati huo ni Victor Matfield na Bryan Habana tu waliokuwa wamemzidi katika historia ya Springboks. Mwaka 2020 alijiunga na Old Glory DC ya Washington, na huko ndiko alikomalizia kucheza.

Sasa mpakani Sirari. Upande wa huku ni Tarime, upande wa pili Isebania, Kaunti ya Migori. Wakurya wako pande zote mbili: ukoo mmoja, harusi moja, ng'ombe walewale. Kijana wa upande wa Kenya akiingia sekondari anakuta raga kwenye ratiba ya mashindano ya shule, ya wachezaji 15 na ya wachezaji saba, na akivuka kwenda Kisii School, Maseno au Kakamega anakuta shule ambazo raga ni suala la heshima. Akifanya vizuri kuna ligi ya Kenya Cup na klabu kama Kabras ya kiwanda cha sukari. Binamu yake wa Tarime, mwenye shingo ileile, akienda UMISSETA, mashindano ya sekondari ya huku kwetu, atakuta soka, wavu, kikapu na riadha. Wenye bahati watarusha tufe. Raga ya Tanzania iko zaidi Dar es Salaam na Arusha, ilianzia kwenye klabu za Gymkhana na shule za kimataifa, na kijana wa Nyamuswa hawezi kuigusa bila nauli.

Kwa hiyo mwanaraga maarufu kuliko wote katika historia ya eneo hili la maziwa, kwa masikio ya watu wa Mara, amebaki kuwa Idi Amin, aliyecheza raga alipokuwa askari wa KAR. Ipo hadithi isiyokufa kwamba mwaka 1955 alikaa benchi la timu ya Afrika Mashariki ilipocheza na Lions Nairobi. Hakuna kumbukumbu inayoithibitisha, na wanaoipenda hawajali. Mwalimu alimtoa Kampala Aprili 1979 kwa njia isiyohusiana na skramu.

Kampala hiyohiyo, Julai 2025, Zimbabwe iliifunga Namibia 30 kwa 28 katika fainali ya Kombe la Afrika, ikafuzu Kombe la Dunia la 2027 nchini Australia. Mara ya mwisho Zimbabwe kucheza Kombe la Dunia ilikuwa 1991. Katika nusu fainali waliitoa Kenya. Propu kijana wa Harare leo ana chaguo ambalo Mtawarira hakuwa nalo: kucheza duniani bila kuomba uraia wa jirani.

Mzazi wa Bunda au Butiama mwenye mtoto mnene wa miaka 15 anayesukumwa na wajomba "atafutiwe timu" anastahili pia kuambiwa habari za Vickery. Desemba 2023 jina lake lilitajwa miongoni mwa wachezaji wa zamani karibu 300 wanaowashtaki wakuu wa raga kwa madhara ya ubongo. Steve Thompson, aliyekuwa huka wa Uingereza mwaka 2003 na kusukuma bega kwa bega na Vickery, aligunduliwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na umri wa miaka 42. Amesema haikumbuki fainali ya 2003 waliyoshinda. Mafunzo ya siku hizi yamepunguza kugongana mazoezini, skramu haziingiwi tena kwa kishindo cha zamani, na anayepigwa kichwa hutolewa nje akapimwe. Hayo yote yanahitaji daktari pembeni mwa uwanja. Kwenye kiwanja cha shule bila daktari, wajomba wakisema miili tunayo, mama ana haki ya kuuliza nani atakayekuwa anaangalia vichwa.